Anayejiita fundi wa Microsoft: jinsi anavyokunasa na la kufanya

Microsoft haimpigii mtu simu bila kuombwa ili kumwambia kompyuta yake ina virusi. Haifanyi hivyo Marekani, na haifanyi Mombasa. Naanza na hilo kwa sababu mimi ni fundi wa kompyuta, na watu wanaoniletea mashine baada ya simu za aina hii si wajinga. Ni wenye maduka, walimu wastaafu, vijana wa mapokezi katika nyumba za wageni. Wote hunieleza mchezo uleule.

Utapeli huu ulivuma kwanza katika nchi kama Uingereza na Marekani, wapigaji wengi wakiwa katika vituo vya simu nchini India. Huja kwa njia mbili. Ama unapigiwa, ama ukurasa unajaza skrini nzima kwa king'ora na namba ya simu ya "msaada". Onyo la kweli la Windows haliji na namba ya kupiga. Ule ni ukurasa wa tovuti tu. Bonyeza Alt na F4, na usipofungika, Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha ukifunge kivinjari kutoka hapo. Ikishindikana, zima mashine.

Ukipokea simu, jua kwamba huyo bwana hana kitu mkononi. Haioni kompyuta yako. Kwa hiyo hukuelekeza wewe mwenyewe ujitishe. Atakwambia ufungue Event Viewer, na hapo utaona mistari chungu nzima yenye alama nyekundu na za manjano. Kompyuta yoyote ya Windows ina mistari hiyo, hata iliyotoka dukani juzi. Ni kumbukumbu za vijikosa vya kawaida.

Ukiwa bado na shaka, atasema anaijua namba ya siri ya mashine yako. Atakufanya uandike amri ya assoc, halafu akusomee namba ndefu inayoanza na 888DCA60, na kweli utaiona hapo mbele yako. Ujanja huu ndio unaowamaliza wasomi. Namba hiyo ni moja katika kompyuta zote za Windows duniani, ni kama kunithibitishia kuwa wanijua kwa kunitajia kwamba nina pua.

Baada ya hapo ataomba uweke AnyDesk au TeamViewer. Programu hizi ni halali, hata mimi hutumia kuwasaidia wateja walio mbali. Lakini ukimsomea ile namba inayotokea na kumkubalia, sasa ndiyo ameingia. Wengine hudai malipo ya "matengenezo". Wengine hukuambia ufungue akaunti ya benki wakurudishie pesa, kisha hubadilisha tarakimu zinazoonekana kwenye ukurasa ili udhani wamekutumia nyingi kupita kiasi, wakuombe urudishe zilizozidi. Benki kwenyewe hakuna kilichoingia. Unachotuma ni pesa zako mwenyewe.

Kuna wanaopenda kumchezea tapeli ili kumpotezea muda. Sishauri. Yeye hiyo ni kazi yake ya kila siku, wewe una yako. Kata simu, usimuage.

Huku kwetu ana ndugu yake anayejiita huduma kwa wateja wa kampuni ya simu. Huyu hukwambia ubonyeze *21* kisha namba fulani na #, eti laini isifungwe. Ukifanya hivyo, simu zako zinahamia kwake, na anaweza kupokea msimbo wa WhatsApp unaosomwa kwa simu na kuichukua akaunti yako. Kuufuta uhamisho huo bonyeza ##002#. Safaricom imetangaza kwamba huwapigia wateja kwa 0722 000 000 pekee. Ukiwa na wasiwasi, kata na upige 100 wewe mwenyewe.

Na kama umeshamruhusu aingie? Kwanza katisha intaneti: chomoa waya au zima waifai, usisubiri amalize kuongea. Pili, chukua simu au kompyuta nyingine, piga benki, kisha badilisha neno la siri la baruapepe kabla ya mengine, kwa kuwa kupitia baruapepe mtu anaweza kubadilisha yote yaliyobaki. Pesa zikiwa zimetoka kwa M-Pesa, peleka ujumbe wa muamala kwa 456 mara moja. Zikishatolewa kwa wakala, kuzirudisha ni shida.

Ripoti polisi na uchukue namba ya OB. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inahusu mambo haya. Kompyuta yenyewe usiiamini kwa kuondoa AnyDesk peke yake: hifadhi picha na hati zako, kisha Windows iwekwe upya.