Ua Jeupe na Ua Jekundu

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Novemba, watu wengi wa Uingereza hubandika kifuani ua dogo jekundu la bandia. Ni mfano wa ua la mpopi, mmea wa porini ulioota kwa wingi katika mashamba ya Flanders nchini Ubelgiji, ambako mizinga ya Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeichimbua ardhi na kufukia humo maelfu ya vijana. (Mpopi huu ni wa jamii moja na ule utoao afyuni, ambayo Waswahili pia huiita kasumba, nasi walimu tuliokesha tukipiga vita kasumba za kikoloni hatuwezi kulisikia neno hilo bila kutabasamu.) Maua hayo yalianza kuuzwa huko mwaka 1921, na fedha zake huwasaidia askari walioumia vitani na jamaa zao. Hapo sina ubishi. Aliyekatwa mguu anahitaji mguu wa bandia kabla ya hotuba.

Ubishi ulizuka mwaka 1933. Chama cha akina mama wa vyama vya ushirika nchini humo kilitoa ua jeupe. Wengi wa akina mama hao walikuwa wake wa wafanyakazi, na wamo waliokuwa wamepoteza waume, ndugu na watoto vitani. Waume zao walikuwa wameambiwa kwamba wanakwenda kupigana vita vya kukomesha vita vyote, na sasa waliona silaha zinaundwa upya na siku ya maombolezo inageuka kuwa ya gwaride. Baadaye ua hilo lilichukuliwa na Peace Pledge Union, jumuiya iliyoanzishwa na kasisi Dick Sheppard mwaka 1934, ya watu walioahidi kuvikataa vita vya kila namna. Jumuiya hiyo ndiyo inayolitoa hadi leo, na katikati ya ua pameandikwa neno moja tu: Amani. Anayelivaa huwakumbuka wote waliouawa na vita, askari na raia, wa kwao na wa adui.

Wapo waliolichukia tangu mwanzo, wakisema ni tusi kwa marehemu. Mwaka 1986 Waziri Mkuu Margaret Thatcher alieleza bungeni jinsi linavyomchukiza. Hoja yao haipaswi kupuuzwa, kwa maana miaka sita tu baada ya ua jeupe kuchipua, Hitler aliivamia Poland, wala hakuna ua lililomzuia. Mimi nami nisingeweza kula kiapo cha Sheppard. Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera, nilikuwa mwalimu kijana, na vijana wawili niliowafundisha chuoni walikwenda na mgambo wasirudi. Siwezi kumwambia mzazi wao kwamba walikosea kwenda.

Lakini kukubali kwamba nchi ina haki ya kujilinda si sababu ya kuchagua nani aliliwe na nani asililiwe, na hapa ndipo ninapowaelewa wale akina mama. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo kazi yake tangu 1917 ni kutunza makaburi na majina ya waliokufa, ilitoa ripoti juu ya mwenendo wake yenyewe. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Hawa hawakuwa adui, ndugu msomaji. Walikuwa wa jeshi lile lile la Mfalme, na wengi walikuwa wapagazi wa ile Carrier Corps iliyotuachia jina la Kariakoo. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam ilizinduliwa mwaka 1927. Utaizunguka hadi uchoke, hutakuta jina la mpagazi hata mmoja.

Babu yangu mzaa baba aliwabebea Wajerumani kwanza, na walipokimbia akakamatwa akawabebea Waingereza. Kaka yake alifia njiani, kwa kuhara, mahali ambapo babu hakuweza kupataja. Nimejiuliza mara nyingi ni ua la rangi gani lingemfaa marehemu yule. Jekundu halikuwahi kumhesabu. Jeupe linasema linamhesabu kila mtu, nami nalishukuru kwa hilo, ila kumhesabu mtu usiyemjua jina wala kaburi ni kazi nyepesi mno.

Na hata saa yenyewe si yake. Tangu 1919 Waingereza hunyamaza kwa dakika mbili ifikapo saa tano asubuhi, tarehe 11 Novemba, kwa sababu ndipo bunduki ziliponyamaza Ulaya mwaka 1918. Huku kwetu hazikunyamaza. Tarehe 13 majeshi ya Jenerali von Lettow-Vorbeck yaliingia Kasama, yakiwa na wapagazi wao, na Waingereza wakiyafuata na wa kwao. Alisalimu amri tarehe 25 Novemba huko Abercorn, mji uitwao leo Mbala, nchini Zambia, na ndipo mizigo ilipotuliwa.