Kuwahi Nafasi: Kutoka Kurasini 1968 hadi Dirisha la Udahili

Siku dirisha la udahili lilipofunguliwa, niliamka saa kumi alfajiri nyumbani kwa shangazi yangu, Mtwara. Simu ilikuwa imejaa chaji, vocha nilikuwa nimeinunua tangu jana yake. Shangazi alinikuta barazani akaniuliza, "Kwani chuo kinahama, mwanangu?"

Sikumjibu. Nimezaliwa Mbau, wilaya ya Mocímboa da Praia, na sisi wa huko tumeona shule zikihama. Vita vilivyoanza Mocímboa tarehe 5 Oktoba 2017 vilifunga madarasa, vikatawanya walimu, na watu wa Mbau wakaishia Pemba (Pemba ya Msumbiji, si kisiwa), Montepuez, Nampula, na wengine ng'ambo ya Ruvuma. Kijiji kilibaki mikononi mwa waasi hadi Agosti 2021, majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipowafurusha. Darasa la kumi na mbili nililimalizia Pemba, katika shule ya kupokezana zamu, nikiwa nimechelewa miaka miwili nyuma ya wenzangu. Cheti changu kimeandikwa kwa Kireno, kwa hiyo kilihitaji tafsiri, kisha ulinganifu, kisha muhuri. Kila ofisi ilinituma kwenye ofisi nyingine. Ndiyo maana niliamka saa kumi.

Wasomaji wa Tanzania wanaijua hofu hiyo. Tume ya Vyuo Vikuu hufungua maombi kwa awamu, na kila mwombaji anaamini kwamba awamu ya kwanza ndiyo yenye nafasi halisi, zinazofuata ni makombo. Nilidhani hofu hii ni ya kizazi chetu, kizazi cha simu. Nilipoanza kusoma historia ya wanafunzi wa Msumbiji waliosomea Dar es Salaam, niliikuta imenitangulia.

Kwanza niseme kwamba kwetu pwani neno "chuo" halikuwa na maana ya chuo kikuu. Chuoni ni mahali mtoto anapofundishwa Kurani, na mwanachuoni ni mtu wa dini. Wareno walipotia saini Mkataba wao na Vatikani mwaka 1940, elimu ya Waafrika waliiweka mikononi mwa misheni za Kikatoliki. Wazazi Waislamu wa pwani ya Cabo Delgado hawakuona sababu ya kumtoa mtoto chuoni na kumpeleka misheni akarudi na jina jingine. Chuo kikuu chenyewe kilianza mwaka 1962 huko Lourenço Marques, Maputo ya leo, upande wa pili wa nchi. Uhuru ulipofika mwaka 1975 kilikuwa na wanafunzi zaidi ya 2,000, na Waafrika weusi miongoni mwao walikuwa 40 hivi. Kwa kijana wa Mbau hapakuwa na ushindani wowote, maana hapakuwa na foleni ya kusimama.

Foleni ilianzia upande huu wa Ruvuma. Mwaka 1963, Eduardo Mondlane na mkewe Janet walianzisha Taasisi ya Msumbiji, na shule yake ya sekondari ikawa Kurasini, Dar es Salaam. Vijana walivuka mto kwa miguu kuifuata. Wengi walikuwa na lengo moja: wamalize sekondari, wapate ufadhili, waende chuo kikuu nje. Si ndoto ya kijinga. Mondlane mwenyewe alikuwa na shahada ya udaktari aliyoipata Marekani mwaka 1960, na kabla ya hapo alikuwa amefukuzwa chuoni Afrika Kusini mwaka 1949. Walimwona mbele yao kila siku.

Lakini tarehe 25 Septemba 1964 vita vya ukombozi vilianza, na risasi za kwanza zilipigwa Chai, katika wilaya ya Macomia, jirani zetu. Kadiri maeneo yaliyokombolewa yalivyopanuka Cabo Delgado, ndivyo yalivyohitaji walimu, wauguzi na makarani. FRELIMO ikaamua kwamba mwanafunzi aende kwanza kutumikia ndani ya nchi, masomo ya juu yafuate baadaye. Wanafunzi wa Kurasini wakasikia neno moja tu: baadaye. Na baadaye hiyo ilikuwa na mabomu.

Hapo pakaongezeka mambo mengine. Palikuwa na manung'uniko kwamba viongozi wengi ni watu wa kusini na wanaokufa ni watu wa kaskazini. Palikuwa na ugomvi kuhusu walimu wazungu na lugha ya Kireno. Palikuwa na padri Mateus Gwenjere, aliyefika mwaka 1967 na kuwaunga mkono wanafunzi kwa maneno makali. Mwanzoni mwa Machi 1968 viongozi wa FRELIMO, Samora Machel akiwamo, waliingia mabwenini usiku, vurugu zikazuka, na shule ikafungwa. Baadhi ya wanafunzi walipelekwa kambi ya wakimbizi ya Rutamba, Lindi, wengine walikimbilia Kenya. FRELIMO haikuwa na sekondari tena hadi ilipofungua nyingine Bagamoyo mwaka 1970.

Katika historia niliyofundishwa shuleni, vijana hawa wametajwa kwa sentensi mbili, kama wabinafsi waliotaka vyeti wakati wenzao wanakufa. Nami niliamini hivyo. Siku hizi naona sentensi mbili hazitoshi. Mtu aliyetembea wiki nzima porini kuifuata shule, akaambiwa shule isubiri, hana dhamana yoyote kwamba atakuwa hai itakapofunguliwa tena. Ubinafsi unaweza kuwamo, sikatai, lakini woga ulikuwa mkubwa kuliko ubinafsi, na woga huo ulikuwa na sababu.

Hata hivyo siwezi kuwatetea mpaka mwisho. Babu yangu mdogo, anayeishi Mtwara, alikuwa kijana wakati ule, na kazi yake ilikuwa kubeba mizigo ya risasi kichwani kutoka mpakani kwenda kusini. Darasa alilofikia ni la tatu. Nilimsomea niliyoyaandika kuhusu Kurasini akasikiliza kwa makini, kisha akasema, "Hao waliulizwa wakakataa, mjukuu wangu. Sisi nani alituuliza?" Ni swali la haki. Wanafunzi walidai haki ya kutosubiri, na waliobeba mizigo hawakuwa hata kwenye orodha ya wanaosubirishwa.

Tanzania ilikuwa imekwisha kupita njia hiyo hiyo. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga wahitimu kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili na kukatwa sehemu kubwa ya mishahara. Nyerere aliwafukuza zaidi ya 300, na siku hiyo hiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi walirudishwa mwaka uliofuata. Ukisoma visa hivi viwili pamoja, Ikulu 1966 na Kurasini 1968, umbali kati yake ni kilomita chache na mwaka mmoja na nusu. Sidhani kama wanafunzi wa Kurasini hawakuwa wamesikia.

Kisha likaja Azimio la Musoma, Novemba 1974, ambalo kwa mada yangu ndilo jambo zito kuliko yote. TANU iliondoa kabisa njia ya kutoka kidato cha sita moja kwa moja hadi chuo kikuu. Kijana alitakiwa amalize Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi angalau miaka miwili, kisha alete mapendekezo ya mwajiri na ya tawi la chama. Kwa maneno mengine, kuwahi kulipigwa marufuku. Nia ilikuwa njema: chuo kisiwe cha watoto wa darasani tu wasioijua nchi. Lakini hofu ya kukosa nafasi haikuondoka, ilihamia kwa mwajiri na kwa katibu wa tawi, ambao sasa walishika kalamu. Wasichana waliumia zaidi, idadi yao chuoni ikashuka, kwani miaka miwili ya kungoja ilikuwa miaka ya kuolewa na kuzaa. Haukupita muda mrefu serikali ikawaondoa katika sharti hilo.

Msumbiji nayo, tarehe 8 Machi 1977, iliwakusanya wanafunzi wa madarasa ya juu ya sekondari, ikayafunga madarasa hayo na kuwagawia kazi: huyu ualimu, yule jeshi, yule kozi ambayo hakuiomba. Wanaitwa hadi leo kizazi cha Machi 8. Wapo wanaojivunia jina hilo na wapo wanaolitaja kwa uchungu, na nimekutana na mzee mmoja anayefanya yote mawili katika mazungumzo ya nusu saa.

Sisi hakuna aliyetuamuru kusubiri. Hakuna azimio, hakuna mkutano, hakuna kiongozi aliyesimama mbele yetu kueleza kwa nini. Vita vilituchelewesha tu, na mfumo wa maombi hauna kisanduku cha kueleza hilo. Kuna nyakati, nikiwa maktaba, nimewaonea wivu wanafunzi wa 1966 kwa kuwa walikuwa na mtu wa kumwandamania. Najua ni wivu wa ajabu.

Jina langu lilitoka awamu ya pili. Shangazi alipika pilau hata hivyo.

Binamu yangu hakuomba popote. Alirudi Mbau na wale wa mwanzo waliorudi, na kwa kuwa alifika darasa la kumi, anawafundisha watoto kusoma chini ya mwembe, bila mshahara, akisubiri mwalimu wa serikali apangiwe. Mwezi uliopita alinitumia ujumbe wa sauti. Nyuma yake zinasikika sauti za watoto. Ananisalimia, ananipa habari za mvua, kisha anauliza nikimaliza nitarudi kufundisha au nitaunganisha shahada ya pili. Nimeusikiliza mara nne. Maombi ya ufadhili wa shahada ya pili ninaokusudia kuuomba yanafunguliwa Januari.