Kabla Hujasaini Fomu ya Kambi, Ulizia Choo (Sehemu ya 4)

Likizo inakaribia, fomu za kambi zimeanza kuletwa nyumbani: skauti, Watafuta Njia, kwaya ya vijana, darasa la kipaimara. Fomu inauliza saizi ya fulana, mchango, namba ya simu ya mzazi. Choo na maji? Kimya. Leo nakusimulia maswali hayo mawili yametoka wapi, maana ni ya zamani sana na watu wamekufa wengi kwa kutoyauliza.

Fungua Kumbukumbu la Torati sura ya 23. Waisraeli wako safarini, wanaagizwa watenge mahali nje ya kambi, kila mtu awe na kitu cha kuchimbia, na akimaliza afukie. Wakati huo hakuna aliyejua habari za vijidudu. Ila majeshi mengi yaliyokuja baadaye yalilipuuza hilo, na yakaona cha moto.

Vita ya Makaburu kule Afrika Kusini, 1899 hadi 1902, askari wa Uingereza waliokufa kwa maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa vitani. Mwaka 1900 pale Bloemfontein homa ya matumbo, yaani taifodi, iliwalaza kwa maelfu. Robert Baden-Powell alikuwa afisa katika vita hiyo. Mwaka 1907 akachukua vijana wapatao 20 kupiga kambi kisiwa cha Brownsea, na 1908 akatoa kitabu cha Scouting for Boys. Humo, pamoja na mafundo ya kamba na moto wa kupikia, kaweka habari ya choo cha kambi: mtaro mwembamba, umezungushiwa pazia, kila anayetumia anatupia udongo. Mzee huyu alifariki 1941 Nyeri, hapo Kenya, na kaburi lake liko huko. Kwa hiyo kiongozi wa skauti akikushangaa kwa kuulizia choo, mwambie ni mambo ya mwanzilishi wake.

Sasa sogea karibu na kwetu. Julai 1994 wakimbizi kutoka Rwanda, kati ya laki tano na laki nane, waliingia Goma, mashariki mwa Kongo, ndani ya siku chache. Ardhi ya pale ni mwamba wa volkano. Jembe linagonga, halizami. Vyoo vikakosekana, watu wakajisaidia popote, na maji wakachota Ziwa Kivu. Kipindupindu kikaingia, nyuma yake kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000. Ukiwa muuguzi, taarifa ya Goma huisomi ukalala vizuri.

Baada ya hapo, kuanzia 1997, mashirika ya misaada yalikaa chini kuandika viwango, vinaitwa Sphere. Maji angalau lita 15 kwa mtu kwa siku: kunywa, kupika, kuoga, kufua. Choo kimoja kwa watu 20. Shimo liwe angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji. Viliandikwa kwa ajili ya wakimbizi, lakini tumbo la mtoto wa kambi ya siku tatu ni lile lile. Piga hesabu: watoto 40 ni lita 600 kwa siku, madumu 30 ya lita ishirini. Nani atayabeba, na kutoka wapi? Vyoo angalau viwili, wa kike na wa kiume mbalimbali, cha wasichana kiwe na mlango unaofungwa, maana wengine siku zao zitawakuta huko huko.

Na Musoma yetu hii, mawe kila kona! Kiongozi akisema tutachimba tukifika, muulize amewahi kuchimba pale.

Halafu kuna ziwa. Hapa ndipo Mara tunapotofautiana na Brownsea. Mtoto akijisaidia kando ya Ziwa Victoria, mvua inasomba, mayai ya kichocho yanaingia majini, kijidudu kinamwingia konokono, kinatoka na kupenya ngozi ya yeyote anayeoga au kuchota. Si lazima ayanywe maji, na kuyaona maangavu hakusaidii kitu. Bibi zetu waliambiwa haya 1973, kwenye kampeni ya Mtu ni Afya, enzi za Mwalimu. Karibu watu milioni mbili nchi nzima walikaa kwenye vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, kisha wakachimba vyoo. Kichocho kilikuwa mojawapo ya masomo. Muulize mama mkwe, huenda anakumbuka.

Kwa hiyo kambi ikiwa ufukweni upande wa Bunda au Musoma, maji ya kuoga yachotwe mapema, yakae kwenye tanki au mapipa yaliyofunikwa siku mbili nzima. Vile vijidudu vya kichocho hufa vikikosa mtu wa kumwingia. Ya kunywa bado yachemshwe au yatiwe dawa. Kibuyu chirizi na sabuni vikae mlangoni mwa choo, sio jikoni peke yake. Kambi ya Butiama iko mbali na ziwa, lakini swali la madumu liko pale pale.

Na kama mtoto amesharudi na kakuambia waliogelea, usimpige. Subiri kama wiki sita hadi nane, mpeleke kituo cha afya apimwe choo kikubwa, maana mapema zaidi mayai hayaonekani. Akikutwa nacho, dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, na anapewa kulingana na uzito au urefu wake. Ila akiharisha maji mfululizo siku ile ile aliyorudi, hiyo usisubiri hata saa moja: mpe ORS njiani mkienda.