Nyumba Inauzwa, Ipo Ufukweni

Msikilizaji, tangazo la nyumba lina historia yake. Mwaka 1963 sheria ilifuta umiliki wa ardhi wa kudumu, na ardhi tupu ikawa haina bei. Muuzaji akatangaza msingi na miembe, ilhali kila mtu alijua kinachouzwa ni kiwanja. Sheria za 1999 ndizo zilizotamka kwamba ardhi ina thamani.

Neno linalonitia wasiwasi leo ni "ufukweni". Mwamgongo, kaskazini mwa Gombe, imebanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Mwaka 2021 maji yalipanda, yakaingia nyumba za mwambao wa Kigoma. Basi tangazo litaje mita na hati ya kimila. Vyumba mnunuzi atajihesabia.