Wito Una Pensheni?

Januari ya mwaka wangu wa kwanza kazini, siku mbili kabla ya wanafunzi kuripoti, wafanyakazi wote wa shule tuliitwa ukumbini kwa mafungo. Ilikuwa sekondari ya Kikatoliki ya bweni, na mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu miezi michache nyuma nikiwa na shahada ya historia na mashati matatu. Pembeni yangu alikaa mwalimu wa hisabati, Mwislamu, aliyefundisha pale miaka tisa na kujua nyimbo za misa kuliko mimi. Nyuma yetu walikaa walinzi, dereva, mhasibu na matroni. Wapishi hawakukaa. Walikuwa wakipika chakula cha mchana cha hayo hayo mafungo, kwa hiyo walisikiliza kwa zamu, wamesimama mlangoni na aproni zao.

Padre aliyetuongoza alihubiri vizuri, sina ugomvi naye. Mada yake ilikuwa wito. Ualimu si ajira, alisema, ni wito. Tena si ualimu peke yake: hata anayepiga kengele na anayesonga ugali wa watoto ni mlezi wa roho zao. Alipouliza kama kuna mwenye swali, ukatanda ule ukimya wa vikao vyote vya wafanyakazi, mpaka mama mmoja wa jikoni, mtu mzima, akasema kutoka pale mlangoni: "Padre, samahani. Nauliza tu, wito huo una NSSF?"

Tulicheka. Padre naye alicheka. Kisha akatazama saa, akasema maswali mengine yatachukuliwa baada ya chakula. Baada ya chakula tulisali rozari.

Nilifundisha pale miaka miwili, nikaondoka kwenda kusoma shahada ya uzamili, na swali la yule mama likanifuata hadi maktaba. Nilipoanza kusoma historia ya shule za misheni nchini kwetu nilidhani ningekuta habari za madarasa, vitabu na tarehe za kufungua majengo. Nilizikuta. Lakini chini yake kulikuwa na ubishi mrefu, ambao haujaisha, kuhusu mtu anayesimama mbele ya watoto: nani anamlea yeye, na nani anamlisha.

Nianze na neno. Babu yangu mzaa baba, kule Ufipa, aliitwa Mwalimu hadi siku anazikwa, na hakuwa na cheti chochote cha ualimu. Alikuwa katekista. Katika vigango vingi vya Kikatoliki hali bado ni hiyo: Jumapili ambayo padre hakufika, watu wakisema "Mwalimu ataongoza ibada," hakuna anayemfikiria mtu wa hesabu. Neno moja linabeba kazi mbili kwa sababu zamani kazi hizo zilikuwa moja. Aliyekufundisha herufi ndiye aliyekufundisha Baba Yetu, mara nyingi kwa ubao ule ule.

Kwa upande wetu wa bara la Afrika Mashariki, kazi hiyo ilianzia pwani. Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walihamia Bagamoyo kutoka Zanzibar, wakaanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, wengi wao watoto. Watoto hao walifundishwa kusoma, kulima, useremala, uhunzi na imani, na siku nzima iligawanywa kwa kengele. Waliokua walioana hapo hapo misioni, na baadhi ya familia hizo zikapelekwa bara pamoja na mapadre kufungua vituo vipya, kama Mhonda mwaka 1877. Hapakuwa na kitu kilichoitwa malezi ya kiroho ya wafanyakazi, maana hapakuwa na saa iliyokuwa nje ya malezi. Ulikula, ulilala na ulichunga mbuzi ndani yake.

Wako wanaousimulia wakati ule kwa hamu, kana kwamba tumepoteza bustani. Mimi nasita. Mtoto aliyenunuliwa ili awe huru alikuwa huru kweli kuliko alivyokuwa mikononi mwa mfanyabiashara wa watumwa, lakini sioni mahali alipoulizwa kama anao wito. Aliupewa pamoja na nguo.

Hata hivyo historia haikubali hukumu ya haraka, na anayenisumbua zaidi ni Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe, wale wa Kardinali Lavigerie, kisha akapelekwa Malta kusomea utabibu. Mwishoni mwa miaka ya 1880 aliwasili Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akiwa tabibu na katekista kwa pamoja. Alioa huko, mwanawe akawa padre, na yeye akaendelea kutibu watu hadi alipofariki mwaka 1956. Zaidi ya miaka 60 kituo kimoja! Atiman hakuwa padre wala mtawa. Kwa lugha ya leo alikuwa mfanyakazi mlei wa taasisi ya Kanisa, kama mhasibu wetu, kama mama wa jikoni. Naye hakuwa amechagua njia iliyomfikisha pale. Ila miaka 60 ni mingi mno kwa mtu anayetii tu. Mahali fulani katikati, nadhani, ule wito aliovikwa akaufanya wake.

Lavigerie alikuwa na kanuni moja ninayoiheshimu: haraka ni adui. Aliwaagiza watu wake kwamba mtu asibatizwe kabla ya maandalizi ya miaka minne, na wamisionari wajifunze lugha za watu waliowaendea. Sisi ukumbini tulipewa kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tisa alasiri, chai ikiwemo. Mazoezi ya kiroho ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola, ambayo ni mmoja wa mababu wa mafungo tunayoyajua, yalipangwa kwa siku 30.

Malezi ya babu yangu yalikuwa katikati ya hayo mawili. Kila mwisho wa mwezi alitembea hadi misioni pamoja na makatekista wenzake, wakakaa siku mbili. Waliungama, walifundishwa masomo ya mwezi unaofuata, walimweleza padre habari za wagonjwa na ndoa zenye matatizo, wakapewa posho ndogo, wakarudi. Babu alizikumbuka siku hizo kama sikukuu. Nilipomuuliza bibi, alinijibu kwa jambo jingine kabisa: "Mjukuu wangu, siku hizo mbili nani alikuwa shambani?" Kijiji kilimjua Mwalimu kwa rozari na baiskeli yake. Waliomla mahindi bibi ndio waliojua nani alimwezesha kuwa Mwalimu.

Na uangalizi ulikuwa mkali. Mwalimu wa misheni aliyeoa mke wa pili, au aliyeishi na mwanamke bila ndoa ya kanisani, alipoteza kazi. Roho yake ilikuwa sehemu ya masharti ya ajira hata pale ambapo ajira yenyewe haikuwa na karatasi. Lakini tazama pia kilichotokea wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, wamisionari Wajerumani walipowekwa kizuizini na kufukuzwa nchini. Katika vituo vingi ni hao walimu wa posho ndogo walioendelea kukusanya watu, kufundisha na kuzika wafu. Hakukuwa na mtu wa kuwakagua. Waliendelea.

Utengano ulikuja na ruzuku. Tume ya Phelps-Stokes ilipita Afrika Mashariki mwaka 1924, na miaka michache baadaye serikali ya Waingereza Tanganyika ikaweka sheria ya elimu: shule ya misheni ingepata fedha za serikali endapo ingefuata viwango, vikiwemo walimu wenye vyeti. Mwaka 1928 mjumbe wa Papa, Arthur Hinsley, alikutana na maaskofu Dar es Salaam akawapa ushauri ambao bado unashangaza: iwapo hawawezi kumudu yote mawili, uinjilishaji na elimu, basi afadhali wayaache makanisa nyuma ili waboreshe shule. Aliona mbali. Bila uamuzi ule shule nyingi zilizowalea viongozi wa uhuru zisingekuwepo.

Lakini kuanzia hapo Mwalimu akawa watu wawili. Mmoja alikwenda chuo cha ualimu, akapata cheti, mshahara wa ruzuku na viatu. Mwingine alibaki kwenye kibanda cha nyasi na katekisimu yake na posho yake. Babu alikuwa huyo wa pili. Wa kwanza akaanza kuhitaji mafungo, kwa kuwa sasa alikuwa na saa zilizo nje ya malezi.

Hapa ndipo anapoingia mtu ambaye Watanzania tunamwita Mwalimu bila kutaja jina. Julius Nyerere alibatizwa Nyegina, karibu na Musoma, Desemba 1943. Alipomaliza Makerere mwaka 1945 alikuwa na shule mbili za kuchagua mjini Tabora: ya serikali, na St. Mary's ya Mapadre Weupe. Baadaye alisimulia kwamba barua ya upande wa serikali ilimkumbusha kuwa miaka ya kufundisha misheni haihesabiwi kwenye pensheni. Hoja hiyo, iliyokusudiwa kumvuta, ndiyo iliyomkasirisha: watu wawili wanafundisha watoto wale wale wa Kiafrika, kazi ile ile, na mmoja miaka yake inafutwa? Akaenda St. Mary's.

Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka mama wa jikoni, nikaiweka kalamu chini. Swali lake lilikuwa limeshaulizwa, tena na mtu ambaye hakuna padre angemtazamia saa. Ila ni haki kuona tofauti: Nyerere alikuwa na barua mbili mezani. Aliweza kuikataa pensheni kwa hasira kwa sababu ilikuwepo ya kukataa. Mwaka 1955, akifundisha St. Francis, Pugu, alitakiwa kuchagua kati ya darasa na TANU, akaacha ualimu. Jina akaondoka nalo.

Baada ya uhuru mambo yalikwenda haraka. Mapema miaka ya 1960 walimu wa serikali na wa misheni waliwekwa katika utumishi mmoja, kwa hiyo ile dhuluma ya Tabora ikafutwa kwa sheria. Sheria ya Elimu ya 1969 ikaenda mbali zaidi: shule zilizokuwa zikipokea ruzuku zikawa mali ya umma kuanzia 1970, na Kanisa likabaki na seminari zake na vipindi vya dini. Shule binafsi ziliporudi kwa wingi miaka ya 1990, majimbo na mashirika ya watawa yakajenga upya, na walimu wakaajiriwa kutoka sokoni kama waajiriwa wengine: Wakatoliki, Walutheri, Waislamu, na vijana wenye shahada na mashati matatu. Mkondo wa malezi ulikuwa umekatika kwa takriban kizazi kizima. Kilichorudi upesi ni msamiati wake, hasa lile neno wito.

Neno hilo halina kosa. Mwaka 1982 idara ya Vatikano inayosimamia elimu ilitoa hati nzima kuhusu walei katika shule, ikiwaita mashahidi wa imani na kudai malezi yao yaendelee maisha yote. Niliisoma nikitafuta maneno ya padre wetu na niliyakuta, karibu yote. Kisha nikakuta lile ambalo hakulisema: kwamba walei hao lazima walipwe mshahara wa kutosha, kwa mkataba ulio wazi, waweze kuishi kwa heshima bila kutafuta kibarua cha pili. Halimo katika hati nyingine wala si madai ya chama cha wafanyakazi. Limo humo humo, pamoja na sala. Nafikiri aliyeandika alielewa jambo ambalo bibi alilielewa bila kusoma: anayefundisha amepumzika kichwa husali tofauti na anayehesabu deni la duka.

Mwalimu wa hisabati hunipigia simu mara moja moja. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba mwaka uliofuata baada ya mimi kuondoka, chakula cha mafungo kilinunuliwa kwa mama lishe wa getini, na wapishi wakakaa ukumbini, safu ya tatu. Mikataba ya wafanyakazi wa jikoni ilitoka Mei, karatasi mbili kwa kila mmoja. Yule mama alimfuata amsomee kipengele cha michango ya NSSF. Alimsomea, akarudia. Kipengele kilianzia mwezi ule.

"Mwalimu," akamuuliza, "na ile miaka yangu sita wameiandika wapi?"

Akageuza karatasi, akaangalia upande wa pili.