Mwanamke Mwenye Leseni ya Kuuliza: Historia Nyuma ya Mpelelezi wa Chicago

Wanafunzi wangu wa historia ya siasa huniuliza kwa nini, katika orodha ya vitabu vya muhula, nimeiweka riwaya ya upelelezi kando ya sheria za kazi na hukumu za mahakama. Wengine hudhani nimewahurumia, nikawapa kitu chepesi cha kupumzishia akili. Jibu langu ni kwamba riwaya zile za Sara Paretsky kuhusu V. I. Warshawski, mpelelezi wa kujitegemea wa mji wa Chicago, ni miongoni mwa nyaraka bora za historia ya Marekani baada ya mwaka 1980. Katika makala haya nitaeleza kwa nini nasema hivyo, na kwa nini jambo hili linatuhusu sisi tusomao kwa Kiswahili.

Tuanze na mkondo wenyewe. Mwaka 1920 lilianzishwa Marekani gazeti la hadithi lililoitwa Black Mask. Katika kurasa zake alikua mpelelezi wa aina mpya: mwanamume mpweke, mkavu wa maneno, mwenye bastola na chupa ya pombe, anayetembea katika mji ambao polisi wake wamenunuliwa na wanasiasa wake hawaaminiki. Dashiell Hammett, aliyemuumba Sam Spade katika The Maltese Falcon (1930), alijua alichokiandika, kwa kuwa aliwahi kuwa mpelelezi wa kampuni ya Pinkerton kuanzia mwaka 1915. Raymond Chandler akafuata na Philip Marlowe katika The Big Sleep (1939). Wanamume hawa walileta ukweli fulani wa kisiasa: kwamba uhalifu hauishi vichochoroni tu, unakaa pia katika majumba ya wenye fedha. Lakini mwanamke katika riwaya zao alikuwa na nafasi chache mno. Alikuwa mteja mwenye machozi, au karani mwaminifu, au mrembo ambaye urembo wake ni mtego na ambaye ukurasa wa mwisho humfichua kuwa ndiye muuaji. Kuuliza maswali ilikuwa kazi ya mwanamume, na mwanamke alikuwa sehemu ya fumbo.

Ajabu ni kwamba historia yenyewe ilikuwa imekwenda kinyume na hadithi hizo tangu zamani. Mwaka 1856, katika ofisi ya Allan Pinkerton mjini Chicago, aliingia mjane kijana aitwaye Kate Warne kuomba kazi. Pinkerton alidhani anatafuta ukarani. Warne akamweleza kwamba anataka upelelezi, na akajenga hoja kwamba mwanamke anaweza kufika na kusikia mahali ambapo mwanamume hawezi. Akaajiriwa. Mwaka 1861 alikuwa miongoni mwa waliomsindikiza Abraham Lincoln kwa siri kupita Baltimore, kulikokuwa na hofu ya njama ya kumuua kabla hajaapishwa. Kwa hiyo, zaidi ya miaka sitini kabla ya Sam Spade kuzaliwa katika karatasi, kampuni ileile iliyokuja kumfunza kazi Hammett ilikuwa imekwisha kumwajiri mwanamke mpelelezi. Riwaya ndizo zilizomsahau.

Mji uleule ulitoa pia kesi ambayo kila mwanafunzi wa sheria angefaa kuijua. Myra Bradwell wa Chicago alifaulu mtihani wa uwakili mwaka 1869, na Mahakama Kuu ya jimbo la Illinois ikamnyima leseni kwa sababu ni mwanamke. Akakata rufaa hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1873 majaji wanane kati ya tisa wakamkatalia. Mmoja wao, Jaji Bradley, aliandika maoni yake kwamba maumbile na Muumba wamempangia mwanamke nyumba kuwa mahali pake. Bradwell alipata leseni mwaka 1890, zaidi ya miaka ishirini tangu afaulu mtihani. Nitawaomba wasomaji waikumbuke kesi hiyo, kwa maana V. I. Warshawski, kabla ya kuwa mpelelezi, alikuwa wakili katika jimbo hilohilo.

Kati ya Bradwell na Warshawski kuna sheria mbili. Ya kwanza ni Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, ambayo sehemu yake ya saba ilipiga marufuku ubaguzi katika ajira kwa misingi ya rangi, dini, asili na jinsia. Ya pili ni sheria ya mwaka 1972, iliyopanua marufuku hiyo ikazifikia serikali za majimbo na miji, yaani ikaingia hadi katika vituo vya polisi. Kabla yake, polisi wanawake kwa kawaida walipewa kazi za watoto, mahabusu wa kike na makaratasi. Mji wa Indianapolis ulipowapa wanawake wawili gari la doria mwaka 1968, lilikuwa jambo la kushangaza nchi nzima. Huko Chicago ilibidi mahakama ya shirikisho iingilie kati, na mwaka 1976 ikauamuru mji kuajiri polisi weusi, wa asili ya Kihispania na wanawake kwa viwango vilivyowekwa. Mlango haukufunguka kwa ukarimu wa wakubwa. Watu walishtaki, wakangoja, wakashtaki tena.

Sasa tazameni tarehe za riwaya. Mwaka 1972 mwandishi Mwingereza P. D. James alimtoa Cordelia Gray, mpelelezi wa miaka ishirini na miwili, katika kitabu ambacho jina lake linasema wazi kwamba kazi hiyo haimfai mwanamke. Mwaka 1977 Marcia Muller alimtoa Sharon McCone wa San Francisco. Mwaka 1982 walitokea wawili kwa pamoja: Kinsey Millhone wa Sue Grafton, katika mfululizo uliofuata herufi za alfabeti hadi kifo cha mwandishi kikaukatiza kwenye herufi Y mwaka 2017, na V. I. Warshawski wa Paretsky, katika Indemnity Only. Siamini kwamba hili ni sadfa. Kizazi cha wanawake kilichoingia vyuo vya sheria, vyumba vya habari na vituo vya polisi katika miaka ya 1970 kilianza kujisoma katika hadithi.

Paretsky mwenyewe ni mwanahistoria. Alikulia Kansas, akafika Chicago mwaka 1966 kufanya kazi ya kujitolea katika mitaa ya mji huo, akapata shahada ya uzamivu ya historia katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1977, kisha akafanya kazi katika kampuni ya bima. Mchanganyiko huo unaonekana katika kila kitabu chake. Mpelelezi wake ni binti wa polisi mwenye asili ya Poland na mama mhamiaji kutoka Italia, amelelewa karibu na viwanda vya chuma vya Chicago Kusini. Anakimbia mazoezi, anapigana, anapigwa, anaumia na siku ya pili bado ana maumivu. Hana subira na wanaume wanaomwita kwa majina ya kitoto. Tofauti na Marlowe, si mpweke: ana Daktari Lotty Herschel, mkimbizi kutoka Vienna, na jirani mzee, Bwana Contreras, fundi mstaafu wa mitambo asiyekoma kuingilia mambo yake. Ugumu wake unategemea watu wanaomshonea majeraha na kumfungulia mlango usiku.

Hata hivyo, kinachonivuta mimi kama mwalimu wa siasa ni aina ya uhalifu anaouchunguza. Indemnity Only inaanza na kijana aliyeuawa na msichana aliyetoweka, lakini njia ya kumfikia muuaji inapita katika hundi za fidia za uongo, kampuni ya bima na kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Msomaji wa Chicago wa mwaka 1982 hakuhitaji kuelezwa. Mfuko wa pensheni wa madereva wa malori, uliokuwa na makao yake katika mji huo, ulikuwa umekwisha kuwa mfano wa jinsi fedha za wafanyakazi zinavyoweza kugeuzwa hazina ya wahalifu, na Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha sheria ya kulinda pensheni mwaka 1974. Allen Dorfman, mtu wa bima aliyekuwa na mkono katika fedha za mfuko huo, alitiwa hatiani Desemba 1982 kwa kula njama ya kumhonga seneta. Januari 1983, kabla hajahukumiwa kifungo, aliuawa kwa risasi katika maegesho ya magari nje kidogo ya Chicago. Riwaya ilikuwa imetoka mwaka mmoja kabla.

Mfano wa pili ni Blood Shot (1988). V. I. anarudi katika mtaa aliokulia, naye anaombwa amtafute baba wa rafiki yake wa utotoni. Uchunguzi huo mdogo wa kifamilia unamfikisha kwenye kiwanda cha kemikali ambacho kwa miaka mingi kilipima damu za wafanyakazi wake na kuwaficha majibu. Ili kuielewa hasira ya kitabu hicho, ni lazima kukumbuka kwamba mwezi Machi 1980 kiwanda cha Wisconsin Steel, katika eneo hilohilo, kilifungwa ghafla. Wafanyakazi zaidi ya elfu tatu walipoteza kazi, na hundi zao za mwisho za mshahara zilirudishwa na benki. Mwaka 1992 kiwanda kikubwa cha South Works nacho kikafungwa. Takwimu za uchumi hutueleza ni ajira ngapi zilipotea. Riwaya hutuonyesha jiko la mwanamke mgonjwa wa figo aliyefanya kazi kiwandani na ambaye hakuna aliyewahi kumweleza kilichomo katika damu yake.

Pia silaha kubwa ya mpelelezi huyu si bastola. Ni faili. Anasoma vitabu vya hesabu, nakala za hundi, orodha za wanahisa, kumbukumbu za mahakama. Watumishi wa umma mnaonisoma mtalitambua hili upesi: uhalifu mkubwa katika riwaya hizi hupita mezani kwa watu wa kawaida, wenye mihuri ya kawaida, waliotia saini kwa sababu aliyewatangulia alitia saini.

Mapambano hayakuishia kurasani. Mwaka 1986 Paretsky na waandishi wenzake walianzisha umoja wa Sisters in Crime. Walilalamika kwamba vitabu vya wanawake havipewi nafasi magazetini, wakaambiwa hiyo ni hisia tu. Basi wakaanza kuhesabu tahakiki, gazeti kwa gazeti, mwaka kwa mwaka, na hesabu ikaonyesha kwamba waandishi wanaume walikuwa wakihakikiwa mara nyingi zaidi. Wanaharakati vijana wajifunze hapo. Lalamiko lililohesabiwa ni vigumu kulipuuza.

Nisionekane nasifia tu. Mkondo huu ulikuwa na upofu wake. Wapelelezi wa kike wa kwanza kupata umaarufu walikuwa weupe, wenye leseni na ofisi. Mwaka 1992 Barbara Neely alijibu kwa Blanche on the Lam, ambamo mpelelezi ni mfanyakazi wa nyumbani, mwanamke mweusi, anayewajua waajiri wake kwa sababu hawamwoni anapopita na sinia. Hoja ya Kate Warne ya mwaka 1856 ilirudi kwa sura nyingine. Kuna pia swali zito zaidi: riwaya hizi humkamata mkosaji mmoja au wawili, na kampuni hubaki. Nadhani Paretsky analijua hilo, na ndiyo maana vitabu vyake huisha kwa uchovu kuliko ushindi.

Nasi je? Fasihi yetu ya upelelezi ni tajiri. Muhammed Said Abdulla alitupa Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Faraji Katalambulla akafuata na Simu ya Kifo (1965). Elvis Musiba alitupa Willy Gamba, na Ben Mtobwa akatupa Joram Kiango. Willy Gamba alikuwa mtoto halali wa enzi za ukombozi: adui yake alitoka nje, na dola aliyoitumikia ilikuwa upande wa haki. Nuru wa Mtobwa ni jasiri na mwerevu, lakini jina linalobeba mfululizo ni la Joram. Katika riwaya hizi maarufu zilizotulea, mwanamke husaidia, hupendwa, hutekwa au hudanganya. Ofisi yenye jina lake mlangoni hana.

Sisemi haya kuwalaumu wakubwa hao. Waliandika kwa zama zao kama Hammett alivyoandika kwa zake. Nauliza tu swali la mwanahistoria: zama zetu zinamhitaji mpelelezi gani? Leo tuna wanawake mahakimu, wakaguzi wa hesabu, maofisa wa polisi, waandishi wa habari za uchunguzi. Tuna mifuko ya pensheni, migodi, mikataba na viwanda vyenye maji machafu. Wengi wa wanaojua yaliyomo katika mafaili hayo ni makarani na wahasibu wanawake, na baadhi yao wanasoma ukurasa huu. Mwandishi kijana atakayewasikiliza hatalazimika kuiga Chicago. Atatakiwa kwanza kujua ni sheria ipi inayompa mhusika wake haki ya kuliomba faili, na ni nani mwenye mamlaka ya kumnyima.