Safari ya Macheo Mawili



Shukrani zote anastahiki Allah (Subhaanahu wa Ta'ala), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake.

Ndugu wasomaji, watoto wetu wanapoiona ndege ikipita juu usiku hupenda kutuuliza: rubani anaijuaje njia, na huko juu hakuna barabara wala kibao? Ni swali zuri. Leo tutalijibu kwa kisa cha kweli kilichotokea juu ya Bahari ya Hindi, bahari hii hii yetu.

Njia iliyokatika

Kabla ya Vita Kuu vya Pili vya Dunia, aliyetoka Australia kwenda Uingereza kwa ndege alisafiri kwa siku nyingi, akitua kituo baada ya kituo. Singapore ilikuwa moja ya vituo vikubwa vya njia hiyo. Tarehe 15 Februari 1942 Singapore iliangukia mikononi mwa Wajapani, na njia ikakatika. Baina ya Australia na Ceylon, nchi ambayo leo inaitwa Sri Lanka, yakabaki maji matupu, na upande wa kaskazini visiwa vilivyoshikwa na majeshi ya Japani.

Mwaka 1943 shirika la ndege la Qantas lilianza kuivuka bahari hiyo kwa ndege 5 aina ya Catalina, ndege za injini mbili zinazoruka na kutua majini. Ziliondoka mto Swan mjini Perth na kutua katika ziwa la Koggala, kusini mwa Ceylon. Masafa hayo ni zaidi ya kilomita 5,600 bila kutua popote. Mwendo wa ndege hizo ulikuwa kama kilomita 200 tu kwa saa, hivyo safari moja ilichukua masaa 27, na nyengine zilipindukia masaa 32. Ndege ya abiria ya leo ingemaliza masafa hayo kwa chini ya masaa 8.

Ili ziweze kubeba mafuta ya kutosha, ndege hizo zilivuliwa kila kisichokuwa cha lazima na kuongezwa matangi. Zilichukua abiria wasiozidi 3 na barua kilo 69 tu. Hazikuwa na silaha, kwa hiyo kinga yao ilikuwa ni kujificha. Sehemu za hatari walizipita usiku, na redio walinyamaza nayo ili adui asiwasikie.

Sasa fikirini: usiku wa giza, chini bahari, redio kimya. Dira ilikuwepo, lakini upepo huisukuma ndege pembeni na dira isiseme neno. Kosa la nyuzi moja tu, tangu mwanzo wa safari hadi mwisho, lingewapeleka karibu kilomita 100 nje ya njia, nao mafuta yao yalikuwa ya kuhesabu. Walichobaki nacho ni nyota. Mwongoza njia alipima kwa chombo kiitwacho sekstanti urefu wa nyota juu ya upeo wa macho, akatazama saa, akapiga hesabu, akajua wapo wapi.

Kwa kuwa safari ilikuwa ndefu hivyo, abiria waliliona jua likichomoza mara mbili kabla ya kutua. Kila mmoja alipewa cheti cha "Jumuiya ya Siri ya Macheo Mawili". Sisi tukikisoma kisa hiki tunaona jambo jengine: baina ya macheo ya kwanza na ya pili zilipita Adhuhuri, Alasiri, Magharibi, Isha na Alfajiri, yaani swala zote tano ndani ya safari moja.

Majina ya ndege

Ndege hizo 5 zilipewa majina ya nyota: Altair, Vega, Rigel, Antares na Spica. Hebu wanafunzi wetu wa madrasa wayasome majina matatu ya mwanzo kwa sauti. Altair ni at-Taa'ir, kutokana na an-Nasr at-Taa'ir, yaani tai arukaye. Vega ni Waaqi', kutokana na an-Nasr al-Waaqi', tai atuaye. Rigel ni Rijl, mguu. Antares ni jina la Kigiriki, na Spica ni la Kilatini.

Majina hayo ya Kiarabu yalifikaje Australia? Waislamu wa zamani walizisoma nyota kwa sababu ibada yao iliwahitaji kujua kibla na nyakati za swala. Abdur-Rahman as-Sufi (903-986), mzaliwa wa Rayy katika Iran ya leo, aliandika kitabu kizima cha picha za makundi ya nyota. Mjini Damascus, Ibn ash-Shatir (aliyefariki 1375) alikuwa muwaqqit wa Msikiti wa Umayya, yaani mwenye kazi ya kuhesabu nyakati za swala, na alikuwa mmoja wa wanajimu wakubwa wa zama zake. Katika karne ya 12, vitabu vya Kiarabu vilifasiriwa kwa Kilatini huko Hispania, hasa mjini Toledo, na majina yakaingia Ulaya pamoja na elimu yenyewe.

Na juu ya bahari hii hii, katika karne ya 15, nahodha Ahmad ibn Majid aliandika jinsi ya kusafiri kwa nyota, na akazieleza njia za kuja pwani yetu ya Afrika Mashariki mpaka Sofala. Mwenyezi Mungu ametukumbusha katika Suratul An'aam, aya ya 97, kuwa ametujaalia nyota ili tuongoke kwazo katika viza vya bara na bahari.

Tusiishie kujisifu

Safari za Catalina zilikoma Julai 1945. Ilivukwa bahari mara 271, na hakuna ndege hata moja iliyopotea. Mwezi Machi 2018, ndege ya Qantas iliruka kutoka Perth hadi London moja kwa moja, karibu kilomita 14,500, kwa masaa kama 17. Na mpango wa shirika hilo wa kuunganisha Sydney na London bila kutua, ambao mwaka 2022 uliagiziwa ndege 12 za Airbus A350-1000, umepewa jina la Macheo kwa kuzikumbuka safari zile.

Ndugu zetu, ni rahisi kusema "haya yote yametoka kwetu" kisha tukalala. Ukweli ni kuwa kilichobaki chetu katika ndege zile ni majina. Hesabu zilifanywa na wengine, waliokesha wakijifunza. As-Sufi hakutenganisha elimu ya dini na elimu ya dunia, lakini sisi tuna watoto wanaohifadhi juzuu na huku wanaikimbia hisabati, na wazazi tunaona sawa tu. Na tunao wanaofaulu hisabati wasioijua hata njia ya kibla. Wote wawili wana upungufu, na lawama ni yetu.

Basi tuanze na jambo dogo. Baada ya swala ya Isha, tuwatoe watoto nje. Mwezi wa Agosti na Septemba tuwaonyeshe at-Taa'ir na al-Waaqi', na Januari na Februari tuwaonyeshe Rijl. Tuwaambie majina, kisha tuwaulize: nani kati yenu atajifunza kuzipima?

Tunamuomba Allah awape watoto wetu elimu yenye manufaa, na awafikishe salama wasafiri wetu wote. Aamin.

Wabillahi tawfiq.